Mwenyeji Wetu Parikingi

Jumapili ile mama mkwe wangu aliposimama katikati ya kanisa letu la Mususa akamwomba Mungu ambariki Parikingi, amzidishie mifugo na kumlinda katika safari zake zisizokwisha, nyinyi wa kwaya ya wamama mliinamisha vichwa. Mchungaji alidhani mnaomba. Mimi nilikuwa nyuma yenu na niliyaona mabega yenu yakitikisika, kwa hiyo msinidanganye.

Kesho yake tuliondoka kwenda Beni, na wiki iliyofuata mume wangu na mimi tukarudi wawili tu. Tangu hapo kila ninayekutana naye, sokoni au kwa mwenye cherehani jirani yangu, ananiuliza maswali mawili. Parikingi ni nani? Na mama mmemwacha wapi? La pili wengine wananiuliza kwa sauti ya msiba, tena wamenishika mkono. Mama hajafa. Hatukumpoteza njiani wala hatukumtupa. Nitawaandikia yote tangu mwanzo, mpitishiane karatasi hizi, kwa sababu nimechoka kusimulia nusu nusu huku ninapima nguo za watu.

Kutoka Kayna

Gari letu mnalijua, lile lori la mume wangu Kasereka lenye mlango mmoja wa kijani na mwingine usio na rangi. Msilolijua ni kwamba limewahi kuwa nyumba yetu. Vita vya kwanza vilipopita Kayna na nyumba yetu ikaporwa mpaka bawaba za milango, Kasereka alipiga mbao nyuma ya kabini, akaezeka turubai, akaweka kitanda na rafu ya sufuria, tukaishi humo miezi kadhaa kabla ya kupata chumba hapa Mususa. Chumba kile cha mbao hajakibomoa. Akienda mbali mimi huenda naye, ninapika humo na kulala humo, na mizigo inakaa nyuma yetu. Wenzake wanamcheka kwamba anasafiri na jiko na bibi, yaani mke. Wanacheka huku wanaomba chai.

Safari hii tulikuwa tumeshuka Kayna kuchukua maharagi. Asubuhi ya kuondoka tukamkuta mama yake amekaa juu ya gunia letu moja, ametoka Luofu kwa miguu na furushi lake na kapu la njegere. Macho yake yalikuwa yameingiwa na weupe tangu mwaka uliopita. Alikuwa anawatambua watu kwa mwendo na kwa sauti.

"Munipeleke Beni," alisema. "Nataka nione Kavira kabla macho yangu ifungane yote."

Kasereka alikuwa anafunga kamba. Aliiacha ikaanguka.

Kavira ni dada yake, kitindamimba wa mama. Miaka kumi iliyopita aliolewa na Shabani, dereva Mwislamu wa Beni, na mama, ambaye alikuwa shemasi na mwenye kiburi cha ushemasi, alikataa hata kutamka jina la mkwe wake. Halafu Kavira akazaa. Akapanda gari la mumewe na mtoto wa majuma sita akaja Luofu. Kwetu mnajua ilivyo: nyanya husimama mlangoni, hunyoosha mikono miwili na kumpokea mtoto kabla mama yake hajakaa. Mama alisimama mlangoni, ndiyo. Lakini mikono aliificha ndani ya kitenge. Kavira alisimama pale na mtoto mbele yake mpaka mtoto akaanza kulia, kisha akageuka akarudi kwenye gari. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika sufuria ya viazi na sikufungua mdomo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku ile Kavira hakuja wala hakutuma neno. Kasereka alikuwa amewapa madereva wawili salamu za kumpelekea, na salamu hazikurudi. Kwa hiyo mama alipopanda ngazi ya lori hakuna aliyejua kama huko Beni mlango utafunguliwa.

"Na kama hatakufungulia?" nilimwuliza nikimsukuma kwa nyuma apande.

"Nitasimama ku mulango, mama Paluku. Yeye pia alisimamaka."

Alimbongo, na jinsi Parikingi alivyozaliwa

Zamani magari yalikuwa yanalala popote giza lilipoyakuta. Unasimama kando ya barabara, unawasha moto, unapika, unalala. Vita vimeharibu hilo. Sasa anayelala kando ya njia anaweza kuamka bila mzigo au asiamke kabisa. Ndipo watu wenye uwanja, familia na makanisa, walipoanza kuzungushia ua wa mbao na matete na kupokea magari. Unalipa, unaingia, lango linafungwa. Unapewa mahali pa kupika, maji, choo kisafi au kichafu kulingana na bahati yako, na mtu wa kulinda. Madereva wanapaita parking, na kwa midomo yetu ni parikingi.

Nilimwona Kasereka akiwa chini ya gari pale Kirumba, anakaza nati, akamwambia mama aliyekuwa amesimama juu yake: "Leo tutalala ku parikingi."

Na nyinyi mnajua tunavyosema. Ku Kambale ni nyumbani kwa Kambale. Ku mchungaji ni kwa mchungaji. Mama akafikiri kidogo.

"Huyo Parikingi, lupango yake iko fasi gani?"

"Iko kila fasi, mama," Kasereka akajibu na nati mdomoni. "Alimbongo, Lubero, mpaka kule Beni."

Mama akatingisha kichwa kwa heshima. Mtu mwenye viwanja kila mahali, na ni rafiki ya mtoto wake. Mimi nililisikia kosa lile likizaliwa na nikacheka peke yangu, nikasema nitalirekebisha jioni.

Jioni tulifika Alimbongo, na kama hamjawahi kufika Alimbongo na jasho la Kayna mwilini hamjui baridi. Tuliingia katika ua wa mama mmoja mpana mwenye makoti mawili, moja juu ya jingine. Alitupa maji ya moto ndoo mbili na akatuonyesha jiko. Mama alikaa juu ya kigoda, akajifunga kitenge vizuri, akaweka mikono magotini. Alikuwa anamngoja mwenyeji aje kumsalimu.

Alingoja. Nikapika viazi na njegere, vikaiva, hakula. Mgeni hali kabla ya kumwona mwenye nyumba, hiyo ndiyo sheria yake. Mwishowe akamwita mama wa makoti.

"Mama, Parikingi iko wapi?"

Yule alidhani anaulizwa juu ya malipo. "Parking? Bameishasikilizana na mutoto wako, mama. Hapana shida. Mule tu."

"Bameishasikilizana," mama alirudia akinigeukia, ameridhika kabisa. "Basi iko mu safari. Tukule."

Nilimtazama Kasereka. Kasereka akanitazama kwa jicho lile la kunyamazisha. Baadaye aliniambia sababu yake, nayo ilikuwa sababu ya maana. Mama anaamini kwamba anayelipa kulala ni mtu asiye na ukoo wala kanisa. Angejua tunalipa, angeshuka na furushi lake akatafute shemasi wa kijiji au alale chini ya gari barabarani, kama tulivyokuwa tukilala zamani. Na sisi tungelala naye, maana ungefanyaje?

Asubuhi tulichelewa saa nzima. Mama hatoki kwa mtu bila kuaga, na wa kumuaga hayupo. Alipokubali kuondoka alimimina njegere zake zote kizingitini pa mama wa makoti. "Ya Parikingi," alisema. "Umwambie mama ya Kasereka alimushukuru." Mama wa makoti alizikusanya haraka akasema atamwambia.

Matope

Baada ya Ndoluma lori moja lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara na mbele yake kulikuwa na kamba ya wanajeshi. Mmoja alikuja, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akagonga mlango wetu. "Nzela ekangami," alisema, njia imefungwa, na akaenda kukaa zake.

Tukalala pale, kwenye njia, siku mbili. Hakuna ua, hakuna choo, maji ni ya mtaro. Mvua ilinyesha juu ya turubai mpaka tukawa tunapiga kelele ndipo tusikilizane. Magari yaliongezeka nyuma yetu. Watu walikaa ndani ya magari yao, na kila mmoja alimwogopa mwenzake. Siku ya pili unga uliisha, tukabaki na viazi vibichi na kuni zilizolowa, na mimi nikaanza kumgombeza kila mtu, hata gari.

Mama alikaa kitandani amejifunika blanketi. "Ni ku Parikingi tungelala," alisema. "Kule batu beko banalala."

"Mama, kutoka hapa hakuna gari linalofika kule," nikamjibu kwa hasira.

Nikamwona anakunja na kukunjua vidole vyake, macho yake meupe yameelekea mlangoni ambako mwanga ulikuwa. Niliona aibu. Kila siku iliyopita ilikuwa ni siku moja ya macho yake iliyopotea, na yeye hakuwa amelalamika hata mara moja. Nikamvutia blanketi mabegani.

Siku ya tatu lori lile lilivutwa lakini kamba haikuondolewa. Madereva walijipanga kubembeleza. Mama aliniomba nimshushe, nikadhani anataka kwenda porini. Kumbe alinipeleka, kwa kunishika mkono kama anayeona ni yeye, moja kwa moja mpaka kwa yule mwanajeshi mwenye mvi.

"Papa, utuachilie. Tuko bageni ba Parikingi."

"Parikingi nani?"

"Hauyue Parikingi?" Mama alishangaa kweli. "Iko na lupango Alimbongo. Iko na ingine Lubero, na ingine Beni. Batu bote ba gari banalalaka kwake. Bwana wa huyu mama beko basikilizana naye."

Mwanajeshi alivua kofia akajikuna. "Iko commandant?"

Mama hajui vyeo vya jeshi. "Iko mukubwa," alisema.

Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimejaa matope mpaka magotini na nilihisi kicheko kinapanda kutoka huko huko chini. Mwanajeshi alikwenda kuzungumza na mwenzake, wakatazama lori letu, wakazungumza tena. Kisha akaja akaishusha kamba mwenyewe.

"Pita, mama. Mumusalimie."

"Nitamusalimia," mama alimwahidi, na akamwachia viazi vyote vilivyobaki.

Lubero

Kwa hiyo Lubero tuliingia bila kitu cha kula, na pale ua ulikuwa wa kanisa, safi, una mabati juu ya jiko. Mlinzi alitupa kuni kavu. Msafiri mmoja mwenye mbuzi wawili ndani ya gari alitupa unga na sombe, majani ya muhogo, iliyokwisha kupikwa, na mkewe akakaa kunionyesha jinsi ya kufunga turubai lisivuje. Sikumuuliza jina, na nimejuta. Tulikula bugali moto tukiwa tumekaa kwenye mzunguko na watu wa magari mengine sita, watu ambao juzi pale kwenye matope hawakuthubutu kushusha vioo. Kilichowafungua ni ua wa matete tu, na lango, na mtu amekaa langoni. Nililiona hilo waziwazi jioni ile.

Nilikuwa nimeamua kumwambia mama ukweli. Baada ya siku ya wanajeshi niliogopa atatuingiza katika jambo kubwa zaidi. Nikakaa naye karibu na moto, nikaanza: "Mama, huyu Parikingi..."

"Nilikuwa namuwaza," alisema kabla sijafika popote. "Batu hawa bote, hapana hata mumoja ni ndugu yake. Anabapokea. Hata jina habaulizake." Alinyoosha mikono juu ya moto. "Mimi, mutoto wangu nilimuyua. Nilimuzaa. Akaniletea wa kwake, na nikaficha mikono."

Nilisogeza gogo motoni. Kuni zilipasuka.

"Nikimukuta, nitaanzia wapi, mama Paluku? Nitasema nini ya kwanza?"

"Sijui, mama."

"Mimi pia sijui," alisema. "Toka Luofu natafuta."

Basi sikumwambia. Mnisamehe, lakini nanyi msingemwambia. Niliona kwamba mtu yule ambaye hayupo alikuwa anamsaidia mama kuliko sisi tuliokuwepo, na nikamwacha naye. Ukweli aliujua baadaye, alipoambiwa Beni, na alimnunia Kasereka siku nzima. Hakukasirikia pesa hata kidogo. Alikuwa ameomba maombi mengi kwa jina la mtu, akasema, na sasa hajui yamekwenda kwa nani.

Mususa

Hapa kwetu Butembo mnapajua na sitapoteza karatasi. Mama alilala kwangu siku mbili, akauliza kama na chumba hiki ni cha Parikingi, nikamwambia hapana, hiki ni cha mwenye nyumba wetu, mtu mbaya zaidi. Jumapili aliomba, mkacheka. Mwenzenu Mama Masika alimletea maziwa, Mungu amlipe.

Jumatatu asubuhi Kasereka alipasha gari moto kabla ya jua.

Kabasha, kisha Beni

Kutoka Butembo mpaka Beni si mbali, mtu mwenye gari zima anafika kabla ya chakula cha mchana. Sisi gari letu si zima. Maboya lilikataa kupanda, Kabasha lilikataa kushuka. Pale Kabasha, wakati mama amelala nyuma na maji ya rejeta yanachemka, Kasereka aliniambia jambo alilolificha tangu Kayna.

"Shabani alinunua lupango pale Beni ku mwingilio wa muji," alisema. "Ameiweka parking. Kavira njo mwenye kuiangalia wakati yeye iko mu safari. Madereva bote banalalaka kwake."

"Kwa hiyo leo..."

"Leo tutalala ku Kavira. Mama hayue."

Nikamwuliza atamwambia lini. Akasema akifika langoni, polepole, akimtayarisha. Nikamwambia mwanaume anayesema atamtayarisha mtu ni mwanaume anayeogopa. Hakubisha. "Naogopa Kavira atatukatalia mbele ya mama," alisema. "Kama atakataa, heri mama asiyue kama ilikuwa kwake. Nitageuza gari, nitasema parikingi imejaa." Nilimwona macho yamejaa maji, na mimi niliyemgombeza tangu Ndoluma nikamfutia uso kwa kona ya kitenge changu.

Tulifika saa tisa hivi mchana. Beni ilikuwa na joto na vumbi, na harufu ya kahawa inayoanikwa. Ua ulikuwa wa mbao nzuri zilizopigwa rangi ya samawati, na ndani malori manne, ndoo zimepangwa mstari, jiko la mabati, kamba ya nguo. Mzee wa langoni alimwambia Kasereka arudi nyuma kidogo apange gari vizuri. Kasereka akarudi nyuma, akapanga, akarudi tena, na nyuma ya gari mimi nikasikia mlango wetu wa mbao unafunguliwa. Mama hakungoja kutayarishwa. Alikuwa amezoea kushuka ku Parikingi.

Nilipomfikia alikuwa ameshafika katikati ya ua, na kutoka jikoni mwanamke mnene wa mtandio mweupe alikuwa anakuja na ndoo ya maji. Mimi nilimjua mara moja. Miaka tisa ilikuwa imempanua mwili na kumtuliza uso, lakini ni Kavira. Na yeye alikuwa amesimama. Ndoo ilikuwa inamwagika kidogo kidogo kwenye mguu wake na hakuisikia.

Mama aliona weupe wa mtandio. Akanyoosha mikono yote miwili, akaipata mikono ya yule mwanamke pamoja na ndoo yenyewe.

"Mama, ni wewe bibi ya Parikingi?"

Kasereka alikuwa ameruka kutoka kabini, amefungua mdomo. Kavira alimtazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo. Kasereka akafunga mdomo. Kavira aliweka ndoo chini.

"Ndiyo, njo mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito na ya Kibeni, na mama hakuitambua. Hivyo ndivyo ninavyofikiri. Kasereka anasema aliitambua. Tumebishana juu ya hilo njia yote ya kurudi.

"Asante, mama. Asante sana." Mama hakuiachia mikono ile. "Bwana yako ametulalisha muzuri njia yote. Alimbongo, Lubero. Hatukumuona hata siku moja, lakini kila fasi tulikuta maji ya moto. Hata basoda ba ile kamba kwenye njia, juu ya jina lake, balituachilia. Nilisema nikifika kwake nitamushukuru, kama haiko yeye, basi bibi yake."

Kavira aliuliza, "Na munaenda wapi, mama?"

"Niko natafuta mutoto wangu. Iko hapa Beni. Alikuwaka mwana wangu wa mwisho."

"Juu ya nini unasema alikuwaka?"

Madereva waliokuwa wanakula wali chini ya turubai waliacha kutafuna, ingawa hawakujua wanasikiliza nini.

"Nilimukosea," mama alisema, bila kuficha, kama anavyotoa ushuhuda kanisani. "Aliniletea mutoto wake ili nimupokee. Nikaficha mikono. Mutoto akalia ku mulango yangu, na sikumutwaa. Nilikuwa shemasi, mama. Nilifikiri Mungu iko ananiangalia na kunisifu."

"Na leo? Akikuletea huyo mutoto leo?"

Mama akacheka kicheko kidogo kibaya. "Ameisha kuwa mukubwa. Tisa miaka. Hapana tena wa kubeba."

Kavira aligeuka upande wa jiko, akaita, "Hadija!" na sauti yake ikapasuka katikati ya jina. Msichana mrefu, mwembamba, mwenye sare ya shule na wino vidoleni, alitoka akifuta mikono. Mama yake alimshika begani akampeleka mpaka mbele ya mama mkwe wangu. Akavuta kigoda. Akamkalisha mama juu ya kigoda, na kisha akamkalisha Hadija juu ya mapaja ya mama.

Mtoto alishangaa, akageuka kumtazama mama yake, lakini alikaa, kwa sababu ni mtoto aliyefundishwa. Mama naye alishangaa. Mikono yake ilipanda taratibu kwenye mgongo wa yule msichana, mabegani, kwenye nywele zilizosukwa, mpaka usoni.

"Wewe uko wa nani, mama yangu?" alimwuliza.

"Wa Mama Kavira," Hadija alijibu.

Najua mtasema ninatunga. Ningekuwa ninatunga ningemfanya mama alie kwa sauti, na Kavira aanguke magotini, na sisi sote tuimbe. Hakuna aliyeimba; mama amebaki kule tu, mpaka leo. Mama alifunga macho yake yale meupe na kumkumbatia msichana kwa mikono miwili, akamvuta karibu sana, kama anavyoshikwa mtoto wa majuma sita, na Hadija alikuwa mrefu mno kwa kushikwa hivyo, miguu yake ilifika chini na viatu vyake vikawa vinachora mistari kwenye vumbi. Kavira alisimama pembeni ameziba mdomo kwa mtandio. Kisha alisema neno moja kwa Kinande, lile ambalo mtoto mdogo humwitia mama yake, nami sijamsikia mtu mzima akilitamka. Mama aliitikia bila kufungua macho.

"Ana uzito," alisema.

"Mumuache ashuke, atakuchosha," Kavira alimwambia.

"Hapana."

Akabaki naye hivyo mpaka maji ya kuoga yakapoa kwenye ndoo, na Kavira akayachukua akarudi jikoni kuyapasha tena.